Mtoto kafa, mzazi hana habari: kudibagi programu zinazotumia fork

Programu imeisha salama. Skrini haina neno la kosa, `echo $?` inatoa 0, ripoti ipo. Ila ripoti ina vituo vitatu badala ya vinne, na hakuna anayeweza kusema cha nne kimepotelea wapi. Hiyo ndiyo sura ya kawaida ya hitilafu kwenye programu inayozaa michakato kwa `fork()`, mwito unaoufanya mchakato (programu inayotembea) ujizalie nakala yake: unayemwona ni mzazi, aliyeumia ni mtoto.

Programu za namna hii zimejaa kwenye seva. PostgreSQL huzaa mchakato kwa kila muunganisho, sshd kwa kila anayeingia, PHP-FPM na Gunicorn huweka kundi la wafanyakazi, na Redis huzaa mtoto kila inapoandika data kwenye diski kwa amri ya BGSAVE. Hata ambaye hajawahi kuandika `fork()` kwa mkono wake ataamshwa na hitilafu yake siku moja.

Tuchukue mfano mdogo. Tuseme hesabu za abiria wa mwendokasi, mabasi ya haraka ya Dar es Salaam, zimewekwa kwenye mafaili manne, moja kwa kila kituo cha mwisho: Kimara, Morocco, Kivukoni na Gerezani. Programu inazaa mtoto mmoja kwa kila faili, naye anajumlisha namba zilizomo.

```c
#include <stdio.h>
#include <stdlib.h>
#include <sys/wait.h>
#include <unistd.h>

const char *vituo[] = {"kimara", "morocco",
                       "kivukoni", "gerezani"};

int jumlisha(const char *kituo)
{
    char njia[64];
    snprintf(njia, sizeof njia, "%s.csv", kituo);
    FILE *f = fopen(njia, "r");
    int n, jumla = 0;
    while (fscanf(f, "%d", &n) == 1)
        jumla += n;
    printf("%s: %d\n", kituo, jumla);
    return 0;
}

int main(void)
{
    printf("Hesabu ya abiria\n");
    for (int i = 0; i < 4; i++) {
        pid_t p = fork();
        if (p == 0)
            exit(jumlisha(vituo[i]));
    }
    while (wait(NULL) > 0)
        ;
    return 0;
}
```

`fork()` huitwa mara moja ikarudi mara mbili. Kwa mtoto inarudisha 0, kwa mzazi inarudisha namba ya mtoto. Ikishindikana inarudisha -1 kwa mzazi na hakuna mtoto anayezaliwa. Programu yetu hailitazami hilo kabisa, nayo ni dhambi yake ya kwanza. Mtoto anaanza maisha akiwa na kila alichokuwa nacho mzazi wakati ule: vigeu, maandishi yaliyo kwenye bafa ya `printf` (yanayongoja kuandikwa), makufuli, vishikizo vya mafaili na soketi, hata mbegu ya namba za kubahatisha. Keneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, hainakili kumbukumbu yote papo hapo, hunakili ukurasa pale mmoja wao anapouandika, lakini kwa macho ya programu ni nakala kamili. Urithi huo ndio wa kuuchunguza. Kosa linaloonekana kwa mtoto mara nyingi lilikuwa mkononi mwa mzazi kabla hajazaa.

Kwanza mwulize mzazi

Futa `gerezani.csv` kisha endesha programu. Utaona kichwa cha habari na vituo vitatu, basi. Mtoto wa nne amepewa NULL na `fopen`, akaipeleka kwenye `fscanf`, akauawa na SIGSEGV, ishara ya kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa. Mbona terminali haikuandika `Segmentation fault` kama ilivyozoeleka? Kwa sababu maneno yale huandikwa na shell, na shell hutangaza msiba wa mtoto wake tu. Aliyekufa hapa ni mjukuu. Mwenye jukumu la kutangaza ni programu yetu yenyewe, tuiite `abiria`, nayo imeita `wait(NULL)`, yaani imepokea taarifa ya kifo na kuitupa bila kuisoma.

Kwa hiyo rekebisho la kwanza wala halihitaji dibaga:

```c
int hali;
pid_t p;
while ((p = wait(&hali)) > 0) {
    if (WIFSIGNALED(hali))
        fprintf(stderr, "mtoto %d kauawa na ishara %d\n",
                (int)p, WTERMSIG(hali));
    else if (WEXITSTATUS(hali) != 0)
        fprintf(stderr, "mtoto %d katoka na %d\n",
                (int)p, WEXITSTATUS(hali));
}
```

Usichapishe `hali` ikiwa mbichi. Mtoto aliyetoka na 1 ataonekana kama 256, na utapoteza saa nzima ukitafuta kosa namba 256 ambalo halipo. Namba za ishara za kukariri kwenye Linux ni chache: 6 ni SIGABRT, yaani programu imejiua yenyewe, kwa kawaida baada ya `assert` au baada ya glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, kugundua kumbukumbu imeharibiwa, 9 ni SIGKILL, na kama hakuna mtu aliyeituma, angalia `dmesg` uone kama keneli imemwua mtoto kwa upungufu wa kumbukumbu, 11 ni SIGSEGV, 13 ni SIGPIPE, yaani ameandika kwenye bomba ambalo msomaji wake ameshaondoka. Kwenye skripti za shell namba hizi huonekana zikiwa zimeongezwa 128, ndiyo maana 134, 137, 139 na 141 hujitokeza mara kwa mara kwenye logi.

Sasa elekeza matokeo kwenye faili: `./abiria > ripoti.txt`. Maneno "Hesabu ya abiria" yatatokea mara nne, ingawa msimbo unayachapisha mara moja tu, na kwenye skrini yalionekana mara moja. Si uchawi. `printf` ikiandika kwenye terminali humwaga bafa kila mwisho wa mstari. Ikiandika kwenye faili au bomba husubiri bafa ijae. Wakati wa `fork()` kichwa cha habari kilikuwa bado ndani ya bafa, kila mtoto akakirithi, na kila aliyeita `exit()` akakimwaga pamoja na mstari wake. Hesabu inakubali: watoto watatu waliomaliza vizuri na mzazi mmoja, jumla nne. Yule aliyeuawa hakupata nafasi ya kumwaga chochote. Mafaili yote manne yangekuwepo, ungehesabu vichwa vitano.

Tabia hii inawapotosha sana wanaodibagi kwa `printf`. Unaweka mstari wa kuchapa kabla ya eneo la kosa, mtoto anakufa, mstari hauonekani kwenye logi, unahitimisha kwamba hakufika pale. Alifika, maneno yamekufa naye ndani ya bafa. Chapisha kwa `stderr`, ambayo haiwekewi bafa, na uanze kila mstari kwa `getpid()`, la sivyo hutajua nani kasema nini. Kuhusu vichwa vinavyojirudia, weka `fflush(NULL)` kabla ya `fork()`, na mtoto atoke kwa `_exit()` badala ya `exit()`. Ila kumbuka kwamba `_exit()` haimwagi kitu: maandishi ya mtoto mwenyewe lazima yamwagwe kwa `fflush(stdout)` kabla yake, la sivyo utakuwa umetibu kikohozi ukaleta homa.

strace kabla ya gdb

Wengi hukimbilia gdb, dibaga inayosimamisha programu na kuipekua. Kwa programu yenye watoto wengi, strace, inayorekodi kila mwito wa programu kwa keneli, hukuonyesha haraka zaidi ni mtoto yupi wa kumshughulikia:

```
strace -ff -tt -o nyayo ./abiria
grep -l 'killed by SIGSEGV' nyayo.*
```

`-f` moja hufuata watoto wote lakini huchanganya mistari yao. Ukiiandika `-ff` pamoja na `-o`, kila mchakato hupata faili lake, mfano `nyayo.4185`, na 4185 ndiyo namba ya mchakato. `-tt` huweka saa hadi sehemu ya milioni ya sekunde, kwa hiyo unaweza kulinganisha mafaili mawili na kujua nani alitangulia. Fungua mwisho wa faili lililotajwa na grep na jibu la mfano wetu liko hapo, mistari michache juu ya kifo:

```
openat(AT_FDCWD, "gerezani.csv", O_RDONLY) = -1 ENOENT
```

Hujafungua dibaga bado. Bei yake ni kasi: programu inayoita keneli mara nyingi itatambaa, na hitilafu inayotegemea nani kawahi inaweza kujificha. Hilo ni kweli kwa gdb pia.

gdb inapanda basi moja

Anayepanda mwendokasi Kimara bila kusoma kibao cha basi anaweza kushtukia pale Fire kwamba gari limeingia Msimbazi kuelekea Gerezani, naye alikuwa anakwenda Kivukoni. gdb ndivyo ilivyo mbele ya `fork()`. Njia zinagawanyika, yenyewe inapanda moja, na usipoichagulia inabaki na mzazi. Mtoto inamwachia aende zake.

Ndiyo sababu jaribio la kwanza la kila mtu hushindwa. Unajenga kwa `gcc -g -O0`, unaweka kituo cha dibaga (breakpoint) kwa `break jumlisha`, unaandika `run`, na dibaga haisimami popote. Badala yake inaandika mara nne mstari wa aina ya `Detaching after fork from child process 4182`, kisha mzazi anaisha. Kituo ulikiweka mahali sahihi, ila basi lililopita pale halikuwa na dibaga ndani.

Mpangilio unaoamua hili ni `follow-fork-mode`, wenye thamani mbili, `parent` na `child`. Ukiandika tu `set follow-fork-mode child` mwanzoni utamfuata mtoto wa kwanza, yaani Kimara, na mzazi ataachiwa aendelee kuzaa wengine nje ya macho yako. Sisi tunamtaka wa nne. Uzuri ni kwamba mpangilio huu unaweza kubadilishwa katikati ya safari, dibaga ikiwa imesimama kwenye tukio lenyewe la kuzaa:

```
catch fork
ignore 1 3
run
set follow-fork-mode child
break jumlisha
continue
```

`catch fork` inasimamisha programu kila inapozaa, na `ignore 1 3` inaruka mara tatu za mwanzo. Inaposimama ni uzazi wa nne. Hapo ndipo tunabadilisha uelekeo. Baada ya `continue` utakuwa ndani ya `jumlisha` huku `kituo` kikiwa "gerezani". Piga `next` hadi upite mstari wa `fopen`, kisha `print f`, na utaona `0x0`.

Kuna mpangilio wa pili, `detach-on-fork`. Kwa kawaida uko `on`. Ukiuweka `off` kabla ya `run`, gdb haimwachii mtu: inamfuata mmoja na wengine inawashikilia wakiwa wamesimama. Kila mchakato unapata namba ya ndani, `info inferiors` inawaorodhesha, `inferior 2` inakuhamisha kwenda kwa wa pili. Hapa kuna mtego unaowafanya watu waamini kwamba gdb imeganda. Unaandika `continue` ukiwa kwa mzazi, mzazi anafika kwenye `wait()`, na hapo anakaa milele, kwa sababu watoto anaowasubiri wameshikwa na dibaga ile ile. Piga Ctrl-C, hamia kwa mtoto, umruhusu aende. Au andika `set schedule-multiple on`, na `continue` itawaruhusu wote watembee pamoja. Njia hii inafaa pale tu kosa linapohusu uhusiano wa michakato miwili. Kwa kosa lililo ndani ya mtoto mmoja, kumfuata yeye peke yake kunatosha, na kichwa hakiumi.

Mtoto akiita `execve` baada ya kuzaliwa, programu yake inabadilika nzima na vituo vyako vinahitaji alama mpya. `catch exec` itakusimamisha mara tu baada ya mabadiliko, na `set breakpoint pending on` inakubali kituo cha fanksheni ambayo haijapakiwa bado. Ukitumia `system()`, jua kwamba kati yako na programu unayoitaka kuna `/bin/sh`, na kwamba glibc za sasa huzaa hapo kwa njia ya `vfork`. Kwa hiyo `catch fork` peke yake haitaona kitu. Ongeza `catch vfork`.

Wanaotumia LLDB, dibaga nyingine, wana mpangilio wenye jina linalofanana, `settings set target.process.follow-fork-mode child`.

Mtoto akusubiri

Programu ikizaa mamia ya watoto kwa saa, kuhesabu kwa `ignore` hakuna maana. Njia ya kizamani bado haijapata mpinzani: mtoto mwenyewe asimame akusubiri, nawe ujibandike kwake.

```c
if (p == 0) {
    if (getenv("SUBIRI_DIBAGA")) {
        volatile int subiri = 1;
        fprintf(stderr, "mtoto %d, %s, anasubiri\n",
                (int)getpid(), vituo[i]);
        while (subiri)
            sleep(1);
    }
    exit(jumlisha(vituo[i]));
}
```

Endesha kwa `SUBIRI_DIBAGA=1 ./abiria`, soma namba, fungua terminali ya pili na uandike `gdb -p 4185`. Utajikuta ndani ya `sleep`, kwenye fanksheni za glibc. Panda kwa `up` hadi ufike `main`, andika `set var subiri = 0`, weka vituo vyako, `continue`. Neno `volatile` si pambo. Bila hilo, kompaila yenye `-O2` inaona hakuna anayebadilisha `subiri`, inageuza kitanzi kuwa cha milele, na kubadilisha kigeu hakutamwamsha mtoto.

Ukikataliwa kwa maneno `ptrace: Operation not permitted`, soma `/proc/sys/kernel/yama/ptrace_scope`. Ubuntu huweka 1, maana yake unaruhusiwa kudibagi tu mchakato uliouzaa mwenyewe, na gdb ya terminali ya pili haikumzaa huyu. Tumia `sudo`, au kwenye mashine ya majaribio weka 0. Ndani ya kontena la Docker huenda ukahitaji kulianzisha na `--cap-add=SYS_PTRACE`. Sababu nyingine ya kukataliwa ni kwamba tayari kuna anayemfuatilia: mchakato mmoja hukubali mfuatiliaji mmoja, strace au gdb, si vyote viwili. Mstari wa `TracerPid` kwenye `/proc/4185/status` unamtaja aliyekutangulia.

PostgreSQL imejengewa ujanja huu. `post_auth_delay` humfanya mtoto asubiri sekunde utakazotaja baada ya mteja kuthibitishwa, na `pre_auth_delay` kabla yake, makusudi ili ujibandike. Ukiwa tayari umeunganishwa, `select pg_backend_pid()` hukupa namba ya mtoto anayekuhudumia. Ila usimwue kwa `kill -9`: mzazi wa PostgreSQL akiona mtoto amekufa vibaya huchukulia kumbukumbu ya pamoja imechafuka, hukata miunganisho yote na kuanza kujirekebisha.

Kujibandika kwenye seva ya kazi kuna gharama ambayo mtu husahau: tangu gdb iingie, mchakato umesimama, na mteja aliye upande wa pili anasubiri. Mkiwa mnafanya kazi kwa SSH kutoka Dar kwenda seva iliyo Ulaya, kwa bando la simu, umeme ukikatika au bando likiisha katikati, hujui umeacha nini nyuma. Anza kwanza `tmux`, inayobaki hai hata muunganisho ukikatika, kule kule kwenye seva, ndipo ufungue gdb ndani yake. Kama unachotaka ni kuona tu mtoto yuko wapi, usikae ndani:

```
gdb -p 4185 -batch -ex 'thread apply all bt'
```

Inaingia, inachapa mlolongo wa miito, inatoka.

Hajafa, amekwama

Mtoto aliyekufa ana ushahidi. Aliyekwama ni mgumu zaidi, na sababu zake kubwa ni mbili, zote za urithi.

Ya kwanza ni bomba lisilofungwa. Mzazi anafungua bomba kwa kila mtoto ili ampelekee kazi. Akimaliza anafunga mdomo wa kuandikia, na mtoto akisoma anapata mwisho wa data, anatoka. Lakini mtoto wa pili alizaliwa wakati mzazi bado ameshika mdomo wa kuandikia wa bomba la kwanza, akaurithi bila kujua. Mzazi anafunga wake, nakala ya mtoto wa pili ipo wazi, na keneli haitoi mwisho wa data hadi nakala zote zifungwe. Mtoto wa kwanza anasubiri `read` isiyorudi. Dalili yake ni kwamba ukijaribu na mtoto mmoja kila kitu ni sawa. Tatizo linaanza wakiwa wawili.

Kumshika mwenye nakala ni kazi ya dakika moja. `ls -l /proc/4182/fd` inaonyesha kishikizo 0 kikielekea, mfano, `pipe:[48213]`. Tafuta wengine wenye namba hiyo:

```
sudo find /proc/[0-9]*/fd -lname 'pipe:\[48213\]'
```

Kila njia inayotoka ina namba ya mchakato ndani yake. Kisha kwa `ls -l` angalia ruhusa: `l-wx------` ni mdomo wa kuandikia, `lr-x------` ni wa kusomea. Ukiona wa kuandikia kwa mtoto ambaye hahusiki, umempata. Dawa ni mtoto kufunga kila asichokihitaji mara tu anapozaliwa. `pipe2` yenye `O_CLOEXEC` husaidia pale tu mtoto anapoita `execve`. Kwa mtoto anayeendelea na msimbo ule ule haifungi kitu.

Sababu ya pili ni kufuli (mutex), linalozuia nyuzi mbili zisiguse kitu kimoja kwa pamoja. Programu yenye nyuzi (threads) nyingi ikiita `fork()`, kwa mtoto unabaki uzi mmoja tu, ule ulioita. Makufuli yanarithiwa yakiwa katika hali ile ile. Kama uzi mwingine ulikuwa umeshika kufuli la logi, kwa mtoto kufuli hilo limefungwa na mwenye ufunguo hayupo, wala hatakuja. Ukijibandika utaona mtoto yuko ndani ya `__lll_lock_wait` au jina linalofanana nalo, na `info threads` inatoa uzi mmoja. Uliza nani kashika:

```
print kufuli.__data.__owner
```

Jibu ni namba ya uzi ambayo haimo kwa mtoto. Ni ya uzi wa mzazi. Ukiona hivyo usipoteze muda kutafuta mkwamo wa kawaida wa makufuli mawili. Kanuni ya POSIX ni kali: mtoto wa programu yenye nyuzi asiite kitu hadi `execve`, isipokuwa fanksheni zilizo salama kuitwa ndani ya kipokea ishara. `printf` haimo. glibc hujitahidi kuyaweka sawa makufuli ya `malloc` yake, lakini makufuli ya maktaba nyingine hayajui. `pthread_atfork` ipo, ila kuitumia sawasawa kwenye programu kubwa ni vigumu kuliko kuhamisha `fork()` ifanyike kabla nyuzi hazijaanzishwa.

Ndugu yao wa tatu hakwamishi, anachanganya: muunganisho wa hifadhidata uliofunguliwa na mzazi. Watoto wawili wakitumia soketi moja, maneno yao yanaingiliana na mmoja anasoma jibu la mwenzake. Makosa ya ajabu ya itifaki yanayotokea tu wakati seva imeelemewa yachunguzwe hapa kwanza. Kila mtoto afungue muunganisho wake mwenyewe. Wanaotumia Gunicorn na `--preload` ndio wako karibu zaidi na shimo hili, kwa kuwa programu hupakiwa kwa mzazi kabla ya kuzaa.

Kwa wenye Python

`multiprocessing` huelekeza `stdin` ya mtoto kwenye `/dev/null`. Ndiyo maana `breakpoint()` ndani ya mtoto hufa papo hapo kwa `BdbQuit`: pdb, dibaga ya Python, imejaribu kusoma amri, ikakuta patupu. Tumia `py-spy dump --pid 4185`, inayoonyesha mistari ya Python bila kugusa msimbo, au weka mapema `faulthandler.register(signal.SIGUSR1)` ili `kill -USR1` imfanye mtoto aeleze alipo. Python 3.14 imeongeza `python -m pdb -p 4185`, inayojibandika kwenye mchakato unaotembea.

Kuhusu makufuli ya urithi, tangu Python 3.12 utaonywa ukiita `fork` ukiwa na nyuzi zaidi ya moja, na 3.14 imeacha `fork` kuwa njia ya kawaida ya `multiprocessing` kwenye Linux, ikachukua `forkserver`. Kwenye macOS `spawn` imekuwa ya kawaida tangu 3.8. Programu iliyokuwa ikikwama mara moja moja, ukiweka `multiprocessing.set_start_method("spawn")` ikaacha kukwama, imekueleza kosa liko wapi hata kabla hujaliona.

Misukule

Mtoto akifa, keneli hutunza taarifa yake hadi mzazi aisome kwa `wait`. Katikati hapo ni msukule: `ps` inamwonyesha kwa herufi Z na neno `<defunct>`. Hana kumbukumbu, hana mafaili, ana namba tu kwenye jedwali. `kill -9` haimfanyi kitu kwa kuwa ameshakufa. Anayetakiwa kurekebishwa ni mzazi, na utamjua kwa:

```
ps -eo pid,ppid,stat,cmd --forest
```

Kosa la kawaida la mzazi ni kuita `wait` mara moja kwa kila SIGCHLD, ishara anayopewa mtoto wake akifa. Ishara hizi hazipangi foleni: watoto watatu wakifa kwa pamoja, mzazi anaweza kupata ishara moja, akazika mmoja na kuacha wawili. Ndani ya kipokea ishara zungusha `waitpid(-1, &hali, WNOHANG)` hadi irudishe 0 au -1, na utunze `errno` kabla ya kuanza na uirudishe mwishoni, la sivyo msimbo uliokatizwa utasoma kosa lisilo lake.

Mzazi akifa kabla ya mtoto, yatima kwa kawaida hulelewa na mchakato namba 1. Kwenye seva hiyo ni systemd, na huzika bila kuulizwa. Ndani ya kontena namba 1 mara nyingi ni programu yako mwenyewe, ambayo haikuandikwa kuzika watoto wasio wake, na misukule hujaa hadi kikomo cha michakato kifikiwe na `fork()` ianze kurudisha -1 yenye EAGAIN. `docker run --init` huweka mzikaji mdogo katika nafasi hiyo, na programu yako inakuwa mtoto wake.